Jumapili Tatu za Fundi Vitasa

9 Februari 1986

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na natumai wewe na shemeji mu wazima. Sisi hatujambo, ila paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la funguo mbovu, na sasa siwezi kuchukua hata ufunguo mmoja bila kutazamwa vibaya. Shemeji bado anaimba kwaya? Wewe sauti yako wanaisifu mpaka huku. Yule fundi rangi aliyepita stesheni yenu mwezi jana ameniambia kwamba ukitangaza treni imechelewa saa nne, abiria wanaona kama wamepewa zawadi.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mke wangu amepewa cheo. Wanataka akawe mwalimu mkuu wa shule moja mbali, safari ya siku nzima kutoka hapa, na jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa Juni. Nilimpongeza. Nikamwuliza kama atakubali, akasema, "Inategemea wewe." Nikadhani ni mapenzi, kumbe ni mashtaka.

Anasema kwa miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kukaa nami siku nzima bila mimi kugusa kitasa cha mtu. Hata siku ya harusi, anasema (na hili nakiri), niliondoka mezani nikaenda kutazama komeo la mlango wa ukumbi kwa sababu lilikuwa linalia. "Kama ni kuishi kama mtu asiye na mume," akasema, "heri niishi hivyo penye cheo." Amenipa Jumapili tatu: ya kwanza ya Machi, ya kwanza ya Aprili na ya kwanza ya Mei. Siku nzima ya mapumziko, mimi na yeye, na rafiki yangu Kinyozi awe shahidi. Nikiweza hata moja, tutazungumza. Nikishindwa zote tatu, anasaini na kwenda peke yake.

Mimi naona ni jambo jepesi. Kupumzika ni kutofanya kitu, na kutofanya kitu hakuhitaji ufundi.

Ndugu yako,
Fundi


24 Februari 1986

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia mko salama, hasa paka. Huku kwetu ni wazima. Shemeji yako hajaacha kwaya. Kwaya ndiyo iliyojaribu kumwacha yeye, akakataa. Jana alifanya mazoezi bafuni mpaka jirani akaja kuuliza kama tunahitaji msaada.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili ilikuwa kazini, nikacheka huku kipaza sauti kiko wazi, na stesheni nzima ikanisikia. Mkuu wa stesheni ameniita nijieleze. Nikamwambia nina ndugu.

Usinidanganye kwamba ni jambo jepesi. Wewe ndiye uliyefungua kabati la mama kwa mpini wa kijiko ukiwa na miaka sita, ukala sukari yote, kisha ukalifunga tena, mimi nikachapwa. Kitasa kwako ni kama pombe. Sikiliza basi: mpeleke mkeo bustanini. Keti, kula, tazama miti. Mti hauna kitasa.

Wifi mpe salamu, na umwambie mimi niko upande wake.

Dada yako


10 Machi 1986

Dada,

Shikamoo, na poleni na mazoezi ya bafuni. Huku watoto wa paka wamefungua macho. Mke wangu amepata mafua, yamepita.

Mti hauna kitasa, kweli, lakini bustani ina geti.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa nzuri sana, naomba hilo liandikwe. Tulitandika mkeka, Kinyozi akatupa vichekesho vyake, mke wangu akavua viatu. Halafu nikamwona mlinzi anahangaika na kufuli la geti. Dada, alikuwa analipiga kwa jiwe. Mtu mzima, kwa jiwe! Nikasema naenda kutazama tu kwa macho. Kutazama kwenyewe kulichukua saa mbili na nusu, kwa sababu kutu ilikuwa imeingia mpaka ndani na bisibisi niliyokuwa nayo kwenye soksi ilikuwa ndogo. Usiniulize kwa nini ilikuwa kwenye soksi.

Niliporudi, mkeka ulikuwa umekunjwa. Mke wangu alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayesema daftari lake limeliwa na mbuzi. Na huyo shahidi hakuweza kunitetea, kwani alikuwa nyuma ya mti anamnyoa mlinzi. Alikuja na mkasi! Nikamwambia aibu gani hii, akaniuliza mimi nina nini kwenye soksi.

Zimebaki mbili. Usiwe na wasiwasi.

Fundi


28 Machi 1986

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Shemeji yako amepewa kuimba mstari mmoja peke yake, kanisa zima liko katika maombi.

Niko na wasiwasi. Nisikilize vizuri, nakutangazia kama ninavyowatangazia wanaovuka reli. Kusanya zana zote, hata ile unayodhani siijui, uzifungie dukani. Kabla ya kutoka, vua soksi mbele ya mkeo. Na usimpeleke mahali penye geti, lango, uzio, wala choo cha kufunga.

Dada


14 Aprili 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika siku tatu baada ya Jumapili, kwa hiyo nusu ya lawama ni ya posta. Ungenionya mapema kuhusu choo.

Tulikwenda sinema. Niliwaza: gizani sitaona kitasa hata kikinijia. Zana nilikuwa nimeziacha dukani kwa hiari yangu, na mke wangu alikuwa amenishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu sikumbuki lini. Katikati ya picha tukasikia mama mmoja analia. Amejifungia chooni, mlango umegoma. Dada, ningefanya nini? Mama mzima analia! Nikapapasa gizani nikapata pini ya nywele, nikakimbia nayo, na kwa dakika nne yule mama yuko nje. Picha ilisimamishwa, watu wakanipigia makofi wamesimama.

Pini ilikuwa ya mke wangu. Nilipoichomoa, nywele zote zilimwangukia usoni, akakosa kuona mwisho wa picha. Nilipomaliza kupigiwa makofi nikamtafuta, Kinyozi akaniambia ameshaondoka zamani. Kinyozi nilimkuta ofisini, anachonga ndevu za meneja.

Mke wangu hanilaumu. Anapika, anasahihisha madaftari, nikimwuliza neno ananijibu vizuri. Heri angenigombeza. Jana nimemwona ameshusha masanduku yetu mawili, anatazama lipi linafunga vizuri. Moja bawaba yake imelegea na sikuigusa, Dada. Niliiacha imelegea. Naogopa.

Fundi


22 Aprili 1986

Mdogo wangu,

Leo sina habari za shemeji yako. Hilo neno la mwisho hujawahi kuniandikia tangu tujue kusoma.

Msitoke. Kaeni nyumbani, ninyi watatu. Zana ziwe dukani, na Kinyozi akaguliwe mlangoni. Jifungieni ndani mkae kama watu.

Nitakuwa kazini siku hiyo, lakini mawazo yatakuwa kwenu. Niandikie mara moja.

Dada yako anayekupenda


7 Mei 1986

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai mu wazima. Jumapili imepita. Tulikaa nyumbani kama ulivyoshauri. Siku ilikwenda vizuri, hatukutoka.

Kuku wetu wameanza kutaga tena baada ya kimya kirefu. Yule mweupe anataga chini ya kitanda. Yule mwekundu hana mahali maalumu. Mayai ni makubwa kiasi. Mvua imepungua.

Salamu kwa shemeji.

Fundi


19 Mei 1986

Mdogo wangu,

Hii ni barua gani? Nakuuliza habari za ndoa unanijibu habari za kuku.

Yule fundi rangi amepita tena stesheni. Alinunua tiketi kwa shida kwa jinsi alivyokuwa anacheka. Anasema mtaa mzima unajua kwamba fundi vitasa amefungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kitasa alichokitengeneza mwenyewe, tangu asubuhi mpaka jioni, na kwamba kulikuwa na foleni ya vichwa dirishani. Nikamwambia ananiongopea. Akaniapia, akanionyesha na kisogo chake. Naye alinyolewa hapo.

Wifi pia ameniandikia. Kurasa sita. Ameniapisha nisikuambie hata neno, kwa hiyo sisemi. Lakini nataka kusikia kwako, na usilete kuku. Wewe, wa kabati la mama, umeshindwaje na mlango wa nyumba yako?

Dada
(Mstari wa shemeji yako ulipita salama. Aliuimba kimoyomoyo.)


31 Mei 1986

Dada,

Shikamoo. Naona hakuna pa kujificha. Kaa chini basi nikusimulie.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikuwa nimeweka kitasa kipya mlangoni, kazi ya mikono yangu, kinafungwa kwa ufunguo ndani na nje. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, wa pili sikuwa nimeuchonga. Jumapili asubuhi Kinyozi akaja, akakaguliwa, akaonekana ni msafi. Mke wangu akafunga mlango nyuma yake, akatundika ufunguo msumarini, tukaketi kunywa chai. Saa tatu Kinyozi akainuka apunge hewa. Msumari upo, ufunguo haupo.

Tulitafuta chini ya magodoro, ndani ya viatu, ndani ya unga. Tulimkagua Kinyozi upya, tukamkuta na mkasi ndani ya kofia na wembe kwenye mkunjo wa suruali, lakini ufunguo hana. Madirisha yote yana nondo. Nilizichomelea mimi, na kwa bahati mbaya nilizichomelea vizuri.

Kinyozi akasema, "Sasa si ufungue? Fundi si wewe?"

Nikachukua kisu cha mezani, nikapiga magoti mlangoni. Nikahangaika kama nusu saa. Mwishowe nikainuka, nikasema kimenishinda.

Kinyozi akakaa sakafuni akashika kichwa. Saa sita alikuwa na wateja, na mmoja ni bwana harusi. Akasema tumpe jirani ufunguo wa duka kupitia dirishani, alete tupa na msumeno. Mke wangu akamjibu, "Zana haziingii humu leo. Tulikubaliana." Mimi nikasema kweli, tulikubaliana. Jirani naye akaja dirishani anajipendekeza: amwite Bisibisi Moja? Huyo ni mpinzani wangu wa pale kona. Jina nimempa mimi, kwa sababu anayo hiyo moja tu na hajui inaingia wapi.

"Aitwe!" akasema Kinyozi.

"Asiitwe!" tukasema mimi na mke wangu kwa pamoja, mpaka tukatazamana.

Basi wateja walipochoka kusubiri kinyozini wakamfuata huku. Ungemwona Kinyozi, Dada! Ametoa mikono nje ya nondo hadi mabegani, anafanya kazi kama mtu anayeosha vyombo vya jirani. Mteja anabandika kichwa kwenye nondo, ananyolewa upande mmoja, anaambiwa "geuka", anageuka, anamalizwa wa pili. Bwana harusi alisahau kugeuka, akaenda zake na nusu, wakamkimbilia mpaka njia panda. Watu walileta viti. Mke wangu ndiye aliyeshika kioo, na kila kichwa kilichogeuka anacheka, mwisho akaketi sakafuni akiomba wasimchekeshe tena. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka sana anapata kwikwi.

Mchana tulikula, tukacheza karata, Kinyozi akatuibia waziwazi. Kisha akalala mkekani akakoroma. Mimi na mke wangu tukabaki tumeegemea ukuta, hatuna pa kwenda, na bila kuulizwa akaanza kunisimulia habari za ile shule. Ina madarasa tisa. Ina chumba cha maktaba kisicho na kitabu hata kimoja, na anajua ataanzia rafu gani. Anajua mpaka kengele ataihamishia wapi. Alisimulia saa nzima huku mikono inapaa hewani. Dada, miezi mitatu ile barua ya cheo iko nyumbani kwangu, na sikuwa nimemwuliza hata shule yenyewe inaitwaje.

Saa kumi na mbili jioni ufunguo ukaonekana kwenye bakuli la sukari. Kinyozi alilalamika kwamba yeye alichota sukari humo mara nane. Hakuna aliyemsikiliza.

Sasa hili ni la kwako peke yako. Kile kitasa nimekitengeneza mimi, najua kila jino lake. Kwa kisu kile ni dakika mbili, tatu kama naongea. Lakini nilipopiga magoti nikasikia nyuma yangu chai inamiminwa, mke wangu anacheka na Kinyozi, nikawaza: mlango huu ukifunguka, nitatoka. Najijua. Nitatoka, nitakutana na kitasa cha mtu, na yeye atakwenda zake. Basi nikashindwa makusudi. Sasa mtaa mzima unanicheka, wateja wengine wamehamia kwa Bisibisi Moja, na mtu mmoja amechora kufuli kwenye ukuta wa duka langu. Wacha wachore. Lakini usimwambie mke wangu. Akijua nilikuwa naigiza, hata hiyo Jumapili moja ataifuta.

Ananipikia vizuri, lakini jibu lake hajaliandika.

Fundi


11 Juni 1986

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Nimekaa na barua mbili mbele yangu kwa siku tatu, yako na ya wifi, na sijawahi kubeba mzigo kama huu. Leo asubuhi nimetangaza treni kwenye jukwaa ambalo hatuna. Kwa hiyo navunja kiapo, Mungu anisamehe na wifi pia.

Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa gauni lake. Aliuchukua msumarini wakati Kinyozi anavua viatu, akakaa nao mpaka jioni. Anasema kila mlipoinua godoro alikuwa anasaidia kuinua.

Na anajua kwamba uliigiza. Nakunukulia: "Kitasa kikimshinda kweli huwa ananyamaza na masikio yanamwiva. Pale mlangoni alikuwa anaimba, na kisu amekishika kinyume. Wifi, mtu huyu anaona fahari kwa kitu kimoja tu duniani, na alikiweka chini mbele ya mtaa mzima ili akae na mimi. Nilitaka kumrudishia ufunguo palepale, lakini nikaona tukiufungua mlango siku yetu itakwisha."

Ninyi wawili ni vichaa. Aliyefungiwa kweli ni Kinyozi peke yake, na mmwombe radhi.

Lakini kuna ukurasa wa sita, na huo ndio ulioninyima usingizi. Ameandika hivi: "Cheo nakitaka. Nakitaka sana. Na yeye namtaka. Siwezi kumwomba aje, kwa sababu akikubali kwa kulazimishwa itakuwa vibaya, na akikataa nitakuwa nimelisikia neno lenyewe." Basi yeye hawezi kukuuliza. Nakuuliza mimi. Zimebaki siku kumi na tisa, utafanya nini?

Dada yako


24 Juni 1986

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma dukani nimesimama, huku mteja ananisubiri. Nilipofika kwenye maneno ya ule ukurasa wa sita nikakunja karatasi, nikafunga duka, nikaondoka mbio. Mteja alikuwa ndani. Nilirudi kumtoa, nikamwomba radhi, nikaanza kukimbia upya.

Nilimkuta mke wangu darasani, ubaoni, na wanafunzi arobaini wamekaa kimya. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakaniruka. Nikasimama mlangoni nikasema, "Shule yako inaitwaje?"

Akanitazama. Akaitaja.

"Tunahamia huko lini?"

Chaki ikamdondoka. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini, na duka je? Nikamwambia duka nitamwachia Bisibisi Moja, na bisibisi ya pili nitampa nimfundishe pa kuiweka. Nikamwambia vitasa vipo kila mji, yeye nimempata mmoja tu, tena nimemchelewesha miaka kumi na miwili. Hapo nikashindwa kuendelea, Dada, na safari hii sikuigiza. Nililia mbele ya darasa la tano.

Mke wangu akafungua mkoba, akatoa ile fomu, akaisaini palepale juu ya meza ya mwalimu huku kwikwi zimemshika. Kisha akanipa daftari la mwanafunzi nijifutie macho. Akasema hilo halina neno, ameshalisahihisha.

Ndugu yako,
Fundi